Bwawa la kuogelea uani kwa laki nne: acha kisima chako kiamue kina

*"Naishi Malindi, upande wa Muyeye, si mbali na bahari. Nyuma ya nyumba nina uwanja mtupu, na nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Kila Jumapili wananililia niwapeleke hotelini kuogelea. Nimeweka akiba ya shilingi 400,000 na nataka kuwajengea bwawa lao, futi 26 kwa 13, upande mmoja futi 3 na wa pili futi 8 ili baba yao naye apate kupiga mbizi. Fundi aliyenijengea nyumba anasema tutatumia mawe ya matumbawe na plasta yenye dawa ya kuzuia maji, nondo si lazima kwa sababu udongo utaushika ukuta. Kisima changu kina maji ya chumvichumvi. Kiangazi maji yako kama futi 11 chini, masika yanapanda mpaka futi 6. Jirani ananiambia nikijaza maji ya chumvi sitahitaji dawa. Je, nianze kuchimba?"*

Dada yangu, usianze kuchimba bado. Bwawa la watoto wako linawezekana, na pesa ulizo nazo zinaweza kulijenga ukibana matumizi, lakini si kwa mchoro huu. Nimefurahi kwamba umeandika vipimo vya kisima, maana watu wengi wanaoniuliza habari za mabwawa hunitajia vigae na rangi ya maji, na hakuna anayejua maji ya ardhini yako wapi. Wewe unajua. Namba hizo mbili, futi 11 na futi 6, ndizo zinazoamua karibu kila kitu nitakachokuambia.

Naona hofu yako kubwa ni bwawa kuvuja, na ndiyo maana dawa ya kuzuia maji imekuvutia. Ni kweli maji ya ndani yanataka kutoka. Lakini katika pwani hii, kinachovunja mabwawa ya bei nafuu mara nyingi ni maji ya nje yanayotaka kuingia. Upande wenye kina wa bwawa lako utakuwa futi 8 kwenda chini. Masika, maji ya kisima chako yako futi 6. Maana yake sakafu ya upande ule itakuwa imezama futi mbili ndani ya maji ya ardhini, kiasi cha sentimita 60. Bwawa likiwa limejaa hutaona lolote, kwa sababu uzito wa maji ya ndani unaikandamiza sakafu. Siku utakapolimwaga ili ulisafishe au upake rangi, hesabu inageuka. Maji yenye kimo cha sentimita 60 yanasukuma juu kwa nguvu ya kilo 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Bwawa tupu kwenye udongo uliojaa maji ni kama mashua ufukweni maji yanapojaa: likishakuwa jepesi kuliko maji yanayolizunguka, litanyanyuka. Zege huwa halielei vizuri kama mashua. Linapasuka katikati ya sakafu, au pale sakafu inapokutana na ukuta, na ufa wa namna hiyo hauzibwi kwa plasta.

Halafu hiyo futi 6 umeipima katika masika ya kawaida. Mwaka wa El Niño, kama 1997 au mwisho wa 2023, maji hupanda zaidi. Na kwa kuwa uko karibu na bahari, kisima chako huenda kinafuata pia kujaa na kupwa. Kabla hujamlipa mtu hata shilingi moja, funga jiwe kwenye kamba, upime kisima siku za bamvua, maji ya bahari yakiwa yamejaa kabisa, kisha upime tena yakiwa yamekupwa. Ukiona tofauti, chukua kipimo cha siku maji yalipokuwa karibu zaidi na uso wa ardhi, uyahesabu kuwa yamepanda futi moja zaidi kwa tahadhari. Hapo ndipo maji ya ardhini yanapoweza kufika, na chini ya sakafu ya bwawa lako paachwe nafasi kavu kabla ya kukuta maji hayo.

Kuna kifaa kinachoitwa vali ya sakafuni, ambacho hufunguka chenyewe na kuyaingiza maji ya ardhini bwawani yanapozidi, ili sakafu isinyanyuliwe. Kinafanya kazi kikitunzwa, na mhandisi anaweza kukupendekezea. Mimi kwa bajeti yako ningependa usikihitaji kabisa. Inua bwawa.

Sasa suala la mawe ya matumbawe bila nondo. Fundi wako hasemi kwa ubaya. Amejenga nyumba za mawe hayo maisha yake yote na zimesimama. Kuta za magofu ya Gede zimesimama karne kadhaa, na nyumba za mawe za Lamu vilevile. Lakini angalia mzigo unakwenda wapi. Ukuta wa nyumba unabeba uzito unaoshuka chini, na jiwe, hata likiwa laini, hustahimili sana kukandamizwa. Ukuta wa bwawa unasukumwa ubavuni. Ukisukumwa ubavuni, uso wake mmoja unabanwa na wa pili unavutwa, na jiwe na simiti havina nguvu ya kuvutwa. Kazi hiyo ni ya chuma. Na nguvu yenyewe haiongezeki sawasawa na kina. Ukuta wenye maji ya futi 4, yaani mita 1.2, unasukumwa kwa uzito wa kilo 720 hivi kwa kila mita moja ya urefu wake. Ukienda futi 8, kina kimezidi mara mbili, lakini msukumo unafika karibu tani tatu, mara nne ya ule wa kwanza, na nguvu ya kuupindua ukuta kwenye kitako chake inakuwa mara nane. Ndiyo sababu nasema futi zako nne za ziada zitakula pesa kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu.

Na udongo kuushika ukuta? Unaushika bwawa likiwa limejaa, tena kama umejazwa na kushindiliwa vizuri. Bwawa likiwa tupu, udongo huohuo uliolowa mvua ndio unaousukuma ukuta kwenda ndani. Ukuta wa bwawa lazima uweze kusukumwa kutoka pande zote mbili, kwa nyakati tofauti. Tena jiwe la matumbawe lina vitundu na linanyonya maji. Plasta ya kuzuia maji ni ngozi tu juu yake. Ukuta ukicheza hata kwa unene wa unywele, ngozi inapasuka, na maji yanapita ndani ya jiwe na kutokea mahali usipopatarajia.

Jambo la tatu, chumvi. Jirani yako amechanganya mambo mawili. Yako mabwawa yanayoitwa ya maji ya chumvi, na ni mazuri, lakini hayaishi bila klorini. Yana mashine inayopitisha umeme katika maji yenye chumvi kidogo, gramu tatu au nne kwa lita, na kuibadilisha chumvi kuwa klorini. Chumvi peke yake kwa kiasi hicho haiui vijidudu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita, na hata hayo hayaui vijidudu vya kuhara vikikaa ndani ya bwawa lililosimama ambalo watoto watatu wanacheza kila siku. Bahari inabaki safi kwa ukubwa wake na kwa kujaa na kupwa. Bwawa halina hilo. Ukijaza maji ya bahari utapata kitu kimoja kwa hakika: nondo zako na pampu yako zitaliwa.

Ningekuwa mimi ndiye ninayekuchorea, ningekuchorea hivi. Bwawa la mita 5 kwa 3, maji ya mita 1.2 mwanzo hadi mwisho, sakafu tambarare yenye mteremko mdogo tu wa kukusanyia uchafu. Nusu ya ukuta, kiasi cha sentimita 60, iwe chini ya ardhi, na nusu iwe juu, na juu ya ukuta pamalizwe upana wa kukalia mtu mzima. Baba yao hatapiga mbizi humo, na mwambie wazi asijaribu. Kuruka kichwa mbele kwenye maji ya futi 4 kunavunja shingo. Lakini ataweza kusimama, kuwashika watoto na kuwafundisha kuogelea, na hicho ndicho nilichokisikia katika swali lako. Ukijumlisha zege la sakafu na mawe ya kushindilia chini yake, utakuwa umechimba futi tatu tu. Hata masika unabaki na futi tatu za udongo mkavu kabla ya kukutana na maji ya ardhini. Mtoto wa miaka minne maji haya yanampita kichwa, kwa hiyo mjengee pembeni ngazi pana yenye kina cha sentimita 40, awe na mahali pake pa kukaa akiwa na mtu mzima.

Bwawa hili lina lita 18,000. Lile lako la kwanza lingekuwa na lita zaidi ya 50,000. Kila kitu utakachonunua baadaye, maji, klorini, umeme, pampu, kinafuata namba hiyo, kila mwezi, kwa miaka yote utakayokuwa nalo. Watu hupiga hesabu ya kujenga wakasahau hesabu ya kulitunza.

Sakafu na kuta ziwe zege lenye nondo. Ukuta unaweza kuwa wa bloku za zege zenye mashimo, nondo zikapita ndani na mashimo yote yakajazwa zege. Njia hiyo inapunguza gharama ya mbao za kumwagia. Kwa kina hiki, nondo za milimita 10 kila sentimita 20, kwenda na kukatiza, ndiyo picha ya kawaida, lakini mpango kamili wauandike mhandisi. Mchanganyiko uwe wa 1:1½:3, simiti, mchanga, kokoto. Ukimwaga kuta nzima kwa zege, jumla inafika mita za ujazo saba na kidogo, yaani mifuko 55 hadi 60 ya kilo 50, kabla ya plasta.

Hapa naomba usimame juu ya kazi mwenyewe, kwa sababu mambo matatu huharibiwa siku moja na yakaonekana baada ya miaka mitano. La kwanza ni mchanga na maji. Mchanga wa ufukweni usikaribie zege lako, na maji ya kisima chako chenye chumvi yasichanganyie zege. Chumvi ikiingia humo inaifikia nondo, nondo inaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tumia mchanga wa mto na maji ya mfereji, au ya boza ikibidi. La pili ni umbali wa nondo kutoka kwenye uso wa zege: sentimita 5 pande zote. Nondo za sakafu zisilale chini kwenye mawe. Zikae juu ya vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, na uvione kwa macho yako kabla zege halijamwagwa. La tatu ni maji yanayoongezwa kwenye mchanganyiko. Zege likiwa jepesi kama uji ni rahisi kumwaga, na vibarua wakichoka jua la saa nane watataka kuongeza ndoo. Kila ndoo ya ziada ikikauka inaacha vitundu ambavyo maji yatapita. Kataa.

Mahali pa kuvuja zaidi ni pale sakafu inapokutana na ukuta. Sentimita 15 za kwanza za ukuta zimwagwe pamoja na sakafu, siku hiyohiyo, ili kiungo kisikae kwenye kona yenyewe, na mhandisi aonyeshe ukanda wa kuzuia maji unawekwa wapi. Baada ya hapo, lifunike zege kwa magunia yaliyolowa, uyamwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba kwa uchache. Upepo wa kusi nao unakausha zege upesi. Usijaze maji kabla ya siku 28. Plasta ya kuzuia maji ya fundi wako itakuja hapo mwisho, nayo itafaa kweli, kwa kuwa nyuma yake pana ukuta usiocheza. Vigae acha. Rangi ya bwawa au plasta laini ya simiti nyeupe inatosha kabisa.

Kuhusu kujaza: maji ya chumvichumvi ya kisima yanafaa kuogelea, mradi vifaa vyako viwe vya plastiki. Lakini usiyavute yote kwa siku moja. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Kimahesabu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita kama 40 chini yake, kwa hiyo ukiyashusha kidogo juu, chumvi inapanda sana kutoka chini. Kuvuta lita 18,000 kwa pupa kunaweza kukiharibu kisima chako na cha jirani, na chumvi ikishapanda inachukua muda mrefu kushuka. Jaza kwa siku kumi, kidogo kidogo, au changanya na maji ya mfereji. Msomaji wa Lamu anisikilize hapa zaidi, kwa sababu mji wa Lamu unakunywa maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kule nisingemshauri mtu kujaza bwawa la kuogelea kwa maji ya kisima hata kidogo. Na kama shimo la choo chako liko karibu na kisima, peleka maji yapimwe kwanza.

Ukishalijaza, maji yatapungua na utaogopa kuwa linavuja. Jua na upepo wa huku vinakausha milimita tano hadi saba kwa siku, kwa bwawa lako kama lita 100. Kujua tofauti ni rahisi. Weka ndoo yenye maji juu ya ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yalingane, chora alama kwenye ndoo na kwenye ukuta, pampu ikiwa imezimwa. Kesho yake, yakishuka sawa ni jua. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja.

Dawa sasa. Unalenga miligramu 1 hadi 3 za klorini huru, yaani ambayo bado haijashikana na uchafu, kwa kila lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.6. Nunua kipimo cha vidonge au vikaratasi, ni kitu kidogo na ndicho kitakachokuokolea pesa. pH ina maana kubwa kwako kwa sababu maji ya ardhi ya matumbawe yana chokaa nyingi, na plasta mpya ya simiti nayo inaipandisha pH. Klorini ileile, kwenye pH 7.2, zaidi ya nusu yake iko katika hali inayoua vijidudu. Kwenye pH 8 inabaki kama robo. Utakuwa unamwaga unga na maji hayasafiki, na utalaumu unga. Shusha pH kwanza. Kwa lita 18,000, gramu 55 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65 zinaongeza miligramu 2 kwa lita. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji, unga uingie kwenye maji, usimwagie maji juu ya unga, kisha uimwage bwawani jioni. Ukiiweka saa sita mchana jua linaimaliza kabla haijafanya kazi. Na tafadhali, klorini ya unga na vidonge vya klorini vya aina nyingine visikae kwenye chombo kimoja, wala klorini isikutane na tindikali ya kushushia pH. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu na unaweza kuwaka moto.

Watoto wakitoka macho mekundu na harufu kali ya dawa, watu husema klorini imezidi. Mara nyingi imepungua. Harufu ile inatokana na klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Dawa yake ni kuongeza klorini, na kuwaogesha watoto kabla hawajaingia. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa, maana viko vijidudu vya kuhara vinavyostahimili klorini siku nyingi.

Pampu ya nusu hosipawa na filta ya mchanga zinatosha. Ziendeshe saa sita kwa siku. Kwa mwezi utatumia karibu uniti 100 za umeme, kwa hiyo zidisha kwa bei unayonunulia tokeni na ujiulize kama nyumba inaubeba mzigo huo. Kama haiubebi, jenga kitu kingine, na hilo nalisema kwa nia njema. Bwawa lisilozungushwa maji wala kutiwa dawa ni kiwanda cha mbu. Mwaka 2004 Lamu ilikumbwa na homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, wakati wa ukame, na utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mbu wale walizaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani. Wazee walilijua jambo hili, ndiyo maana katika mabirika, yaani matangi ya maji yaliyojengwa ndani ya nyumba za kale, walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi.

Na birika hasa ndilo pendekezo langu la pili kwako, ukiona hesabu inakulemea. Jenga birika la wazi uani, mita 2 kwa 1.5, maji ya sentimita 30. Hizo ni lita 900. Halihitaji pampu wala mhandisi. Unalijaza asubuhi, watoto wanacheza, jioni unalimwagia migomba na minazi. Hawatajifunza kuogelea humo, lakini joto litawatoka, na utakuwa umetumia sehemu ndogo tu ya akiba yako.

Njia nyingine mbili utazisikia. Bwawa la fremu za chuma lenye turubai, linalosimama juu ya ardhi, linanunulika na kusimikwa siku moja. Linahitaji uwanja uliosawazishwa kabisa na tabaka la mchanga, na jua la Malindi litakula turubai lake ndani ya miaka michache, lakini kama huna hakika watoto watalitumia kiasi gani, ni jaribio la busara. Ile ya kuchimba shimo na kutandika karatasi nzito nyeusi ya mabwawa ya shamba siishauri kwa watoto. Inateleza, kingo zake hazipandiki, na ardhi yetu ina meno ya matumbawe yanayoitoboa kutoka chini.

Kwa laki nne, bwawa la mita 5 kwa 3 linawezekana kwa sharti hili: weka kando kwanza pesa ya uzio, kisha ya pampu na filta, na kinachobaki ndicho cha ujenzi. Wengi huanza na ujenzi, uzio unangojea "mwezi ujao", na mtoto hangojei. Mtoto wa miaka minne hazami kwa kupiga kelele. Anazama kimya, ndani ya dakika chache, wakati mtu amekwenda kuzima jiko. Ukuta wa bwawa ulioinuka sentimita 60 si uzio, kwa sababu mtoto anaupanda. Zungusha uzio wa mita 1.2 au zaidi, usio na mahali pa kukanyagia, pande zote nne, hata upande wa nyumba, na lango lijifunge lenyewe, kitasa kiwe juu asipofikia. Maji yasivutwe na tundu moja la sakafuni. Tundu moja lenye pampu linaweza kuikamata nywele au tumbo la mtoto likamshikilia chini. Ama uweke matundu mawili yaliyo mbalimbali yenye vifuniko vilivyoinuka, ama yasiwepo na maji yavutwe kutoka juu. Wewe na baba yao mjifunze kumpumulisha mtu aliyezama, na mtoto yeyote aliyeokolewa majini apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima.

Umeme wa pampu ufanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, uwekewe swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliamperi 30, na vyuma vyote vya bwawa viunganishwe na kupelekwa ardhini. Hapa usikubali fundi wa mtaani hata awe ndugu. Michoro ipelekwe kaunti kupata kibali kabla ya kuchimba. Lamu, ukiwa ndani ya mji wa kale, ongeza ruhusa ya Makumbusho ya Taifa.

Mlipe mhandisi wa majengo angalau aje mara moja akae na fundi wako, ambaye bado ndiye ningempa kazi ikiwa atakubali nondo. Mpe vipimo vya kisima, umwonyeshe nyumba, ukuta wa mpaka na shimo la choo viko umbali gani, kwa sababu kuchimba karibu na msingi kunaweza kuulegeza. Mwite tena haraka mkichimba mkakuta maji kabla ya futi tatu, au mkikuta tundu au pango kwenye jiwe, jambo ambalo ardhi ya matumbawe inalo. Na bwawa likishakuwepo, ukiona ufa unaokua au sakafu imevimba wakati wa mvua, usilimwage ili ulitazame. Liache limejaa, watoto watoke, zima pampu, na mhandisi aje alione likiwa na maji yake.